Mtu Aliyekuwa Akinitazama Nikilala

Kabla sijasema lolote kuhusu ugonjwa, niseme kwanza nilivyo. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa mbegu, nazipanda chache kwenye kopo nione kama zitaota. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, najiuliza ananitaka nini. Hapa kijijini Tlawi wananijua hivyo, na mke wangu Theresia, mama Regina, amenivumilia hivyo kwa miaka thelathini na moja. Nayasema haya mapema kwa sababu ugonjwa ulinikuta na tabia hiyo, na viwili hivyo vikashirikiana, nusura vinizike.

Namwandikia yeyote anayeshtuka usiku asijue kwa nini. Simfundishi udaktari, siujui. Namweleza nilivyokosea tu, apate pa kuanzia.

Ilianza wakati wa baridi, tulipokuwa tumeanika vitunguu swaumu darini na nyumba nzima inanuka swaumu. Nilikuwa nalala vizuri, halafu katikati ya usiku nashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Moyo unakimbia, kinywa kimekauka, na mkojo umenibana. Natoka nje kwenye umande, narudi, nalala, nashtuka tena. Mara tatu, mara nne. Asubuhi kichwa kinagonga kana kwamba nimekunywa usiku kucha, hata siku ambayo sikuonja kitu.

Lakini si hilo lililonitisha. Kila niliposhtuka, nilimkuta mke wangu ameketi kitandani, blanketi mabegani, ananitazama.

"Unanitazama nini?" nikamuuliza usiku wa kwanza.

"Unavyolala."

"Nani humtazama mtu mzima akilala?"

"Unakoroma, Baba Regina. Halafu unanyamaza. Unaacha kupumua."

"Mtu akiacha kupumua anakufa. Mimi nimekufa?"

"Bado," akasema.

Hilo neno "bado" nililibeba moyoni miezi mizima. Kulima nalo, kula nalo. Bado maana yake nini? Maana yake anangoja.

Mwili ulianza kubadilika mbele ya macho yangu na sikutaka kuuona. Kifungo cha shingoni cha shati la kanisani kilikataa kufunga. Tumbo lilinitangulia mlangoni. Kanisani nilisinzia kabla ya mahubiri kuanza, na mwenyekiti wa kitongoji akaniuliza mbele za watu kama nimefungua kilabu cha pombe nyumbani. Mvua za kwanza ziliponyesha, nililala nimesimama nyuma ya plau. Ng'ombe wakaendelea wenyewe mpaka katikati ya maharage ya jirani. Niliamshwa na kelele zake, nikamwambia ng'ombe wamegoma. Alinitazama machoni, akaona kuwa nadanganya, na mimi nikamshuku yeye kwa kuniona.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutanielewa. Mwenye akili hapa hawaweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mmoja unampa rafiki huku, mwingine jamaa kule, mwingine unamshusha tambarare za Hanang kwenye majani. Wao wanakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Ugonjwa wa mifugo ukipita, haumalizi wote, na jirani mwenye jicho hajui una wangapi. Wako kwa nani, hiyo ni siri ya mwenye ng'ombe. Baba yangu alimwambia mama siri yake siku mbili kabla ya kufa, tena kwa kunong'ona.

Jioni moja, tukipukuchua mahindi, mke wangu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Wale ng'ombe walioko kwa watu, wako kwa nani?"

Mikono yangu ikasimama. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuuliza.

"Kwa nini unauliza leo?"

"Ukiondoka ghafla, nitawajuaje?"

"Niondoke niende wapi?"

Aliendelea kupukuchua. Mimi nikajijibu mwenyewe: kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ananitazama usiku, anasema bado, na sasa anataka kujua ng'ombe walipo.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kushuku, nayo naionea aibu. Mke wangu ni mtoto wa wafugaji wa kule chini Hanang. Alibatizwa alipoolewa, lakini kaka yake, Gidahoda, yuko kule kule na ng'ombe zake na mila za baba yake. Sisi wakulima wa huku juu tunaoa kwao na wao wanaoa kwetu, halafu tukikaa peke yetu tunasemana. Nilikulia kwenye masemano hayo. Gidahoda alipokuja wakati wa Krismasi, alikaa na dada yake kwenye jua, wakazungumza kwa lugha yao, sauti chini. Nilipokaribia wakanyamaza. Nikasalimia kama shemeji, nikacheka, nikamkaribisha nyama. Moyoni nilikuwa natafuta ni ng'ombe gani wanamzungumzia.

Baada ya hapo ndipo nikaona simu. Nilishtuka usiku nikakuta mwanga mdogo usoni. Mke wangu alikuwa amenielekezea simu, karibu na mdomo wangu kabisa. Alipoona nimefungua macho aliificha chini ya mto.

"Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu. Lala."

Picha ya mtu aliyelala hupelekwa kwa nani? Nilijua jibu, au nilidhani najua. Hupelekwa kwa mganga. Na nani anajua waganga wa kule chini? Gidahoda.

Nilikwenda kituo cha afya cha Dongobesh peke yangu. Sikumwambia ukweli. Nilisema naenda Dongobesh kuulizia dawa ya mbegu.

Benchi la kusubiri lilikuwa refu na baridi, na wote tuliokuwa juu yake tulikuwa na macho mekundu. Bibi mmoja aliyekuwa akisugua magoti akanipisha kidogo. Nilimpa shikamoo, akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema naamka usiku. Benchi zima likacheka.

"Sasa nani haamki?" akasema bibi. "Mimi magoti yananiamsha kabla ya jogoo. Nimeshamwambia jogoo apumzike."

Mama mwenye mtoto mgongoni akasema yeye anaamshwa na huyu hapa. Kijana mmoja akakiri anaamshwa na simu yake. Mwanaume wa rika langu akasema ni mkojo, tangu mwaka juzi. Mwingine akasema tumbo, likiwa tupu linamchoma. Mwishoni alikuwepo mama aliyevaa kanga nyeusi, akasema taratibu kwamba yeye anaamka kwa mazoea tu, alikuwa na mgonjwa wa kumgeuza, mgonjwa ameshakwenda. Bibi wa magoti akatoa chungwa kwenye kikapu, akaligawa, kipande kwa kila mtu, hata mimi. Nililinusa kwanza. Halafu nikala.

Tabibu alikuwa dada mdogo, umri wa Regina wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alinipima presha, akapima tena, akakunja uso. Aliniuliza kama nakoroma. Nikasema sijui, nakuwa nimelala. Akaniuliza nalala na nani.

"Hilo linahusu nini?"

"Mzee, ugonjwa wa usingizini mwenye nao haoni. Anayeona ni mwenzake. Tarehe ya kurudi uje na mama."

Alinipa dawa za presha na karatasi yenye tarehe. Nikaondoka nikiwa na hasira. Hata huyu anataka nimlete yeye! Nikajiuliza kama wamejuana. Karatasi niliichana njiani, vidonge nikavificha kwenye debe la chumvi ya ng'ombe, na tarehe ikapita.

Badala yake nikatafuta dawa yangu. Jioni niliongeza pombe, kopo juu ya kopo, nilale moja kwa moja nisiamke. Na nikahama chumba.

Nyumba yetu, kwa sababu ya baridi ya huku, ng'ombe wanalala ndani. Chumba chao kiko mwisho, kina mlango wake wa nje, na kati yake na chumba chetu kuna ukuta wa mbao tu. Babu yangu alikuwa akisema mtu mwenye adui alale na ng'ombe wake, maana ng'ombe hawalali kwa amani penye mbaya. Nikatandika ngozi na godoro kando ya jike mwekundu. Nikaweka komeo kwa ndani, la mti mgumu, nililolichonga mwenyewe. Nilimwambia mke wangu ni kwa ajili ya wezi.

"Wezi gani?" akauliza.

"Wanajijua."

Alinitazama kwa muda mrefu, machozi yakamjaa, hakuyaacha yaanguke. Nikayashuku pia.

Kule kwa ng'ombe nilipumzika usiku mmoja. Usiku wa pili nikaanza kuamka na maumivu ya mbavu. Upande wa kushoto, mahali pale pale. Nilivua shati asubuhi nikakuta alama ndogo nyekundu, duara, kama za kuchomwa na ncha ya kitu. Kesho yake zikaongezeka. Nilijua sasa nimerogwa, na nilikuwa na ushahidi mwilini.

Nikakagua ukuta. Kati ya mbao mbili, usawa wa godoro langu, palikuwa na mwanya, na ndani ya mwanya nikakuta fimbo. Ndefu, nyembamba, imemenywa maganda, ncha yake imezungushiwa kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikatwa kwenye gauni la zamani la mke wangu.

Sikumuuliza. Mtu anayeshuku hapendi kuuliza, maana anaogopa kupewa jibu. Nilikwenda nayo jikoni wakati yeye yuko kisimani, nikaivunja vipande vitatu, nikaichoma mpaka ikawa majivu. Mwanya nikauziba kwa mavi ya ng'ombe. Jioni nilikunywa kama mtu aliyeshinda kesi.

Usiku ule ilinyesha mvua ya masika, ile inayopiga bati mpaka huwezi kusikia mwenzako. Nakumbuka nilipiga komeo, nikalala chali.

Kilichofuata nakumbuka vipande. Kishindo. Kishindo tena. Mlango unapasuka, mwanga wa tochi, na mke wangu amesimama mlangoni amelowa, shoka mkononi. Nikataka kupiga kelele, sauti ikakataa. Kifua kilikuwa kimejaa kitu na hewa haiingii. Nikasema moyoni, basi, leo ameamua. Alitupa shoka kwenye nyasi, akanirukia, akanigeuza ubavu kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanipiga mgongoni, akanipiga tena. Hewa ikaingia kwa mlio uliomfanya hata jike mwekundu asimame.

Nikalala pale nahema. Yeye akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, akalia kwa sauti, kilio nilichomsikia nacho siku tuliyomzika mama yake tu.

Nilipopata sauti, neno langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Shoka la nini?"

"La mlango," akasema. "Umeweka komeo. Fimbo umeichoma. Ningekuamsha na nini?"

Nikautazama mwanya niliouziba kwa mavi.

"Nilikuwa nakusikia ukikoroma, hata juu ya mvua. Halafu nikasikia mvua tu. Nikangoja. Mvua tu."

Asubuhi alimpigia simu kaka yake, na mchana wa siku ya pili Gidahoda akafika kutoka Hanang, na nyundo na bawaba za mlango kwenye mfuko. Alitengeneza mlango kimya, mimi nimekaa kwenye kigoda namlinda kama mwizi. Alipomaliza, akaokota lile komeo langu lililokatika, akaligeuza mkononi.

"Shemeji, nikwambie kitu. Wakati wa Krismasi dada aliniomba nije nimchukue. Alisema umembadilikia, unamwita mchawi kwa macho. Nikamwambia sawa, twende kesho. Asubuhi akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema, nikienda nani atamwamsha?"

Aliniwekea komeo mapajani, akaenda kunawa. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilitamani ng'ombe wanikanyage.

Tulirudi Dongobesh wiki ile, wawili. Safari hii nilisubiri kwenye benchi na mke wangu pembeni, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Alinimiminia uji kwenye kifuniko, nikaupokea, sikuunusa.

Yule dada tabibu alinikumbuka. Hakunigombeza kuhusu tarehe. Alimgeukia mke wangu, "Mama, shikamoo. Niambie." Mke wangu hakuanza kueleza. Alitoa simu.

"Binti yetu Regina, yuko Babati, alisema nirekodi. Baba yake hataamini maneno."

Akabonyeza. Kwanza nikasikia mkoromo, mbaya, kama msumeno kwenye mti mbichi. Nikaona haya. Halafu mkoromo ukakatika. Kimya. Nikamtazama tabibu, tabibu anatazama saa yake. Kimya. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, mzima, uji tumboni, na bado nikajikuta nimeshika ukingo wa meza, nangoja nipumue. Pumua, we mzee. Kimya bado. Ndipo kwenye simu ikasikika sauti ya mke wangu, ya chini, ya kubembeleza, sauti aliyowaimbia watoto: "Baba Regina. Pumua. Pumua, baba." Ikafuata hewa, ikivutwa kwa mlio kama wa mtu aliyetolewa majini.

"Ziko nyingine," akasema mke wangu. "Ni za usiku mbalimbali."

Nikalia mbele ya yule binti. Sikujificha.

Walitupeleka hospitali kubwa. Nililala kule siku kadhaa, usiku mmoja wamenifunga kifaa kwenye kidole. Mke wangu alilala chini kwenye mkeka, na muuguzi wa zamu akamwambia, "Mama, leo lala, mimi nipo." Alilala mpaka saa tatu asubuhi. Wagonjwa wote wa wodi waliongea kwa kunong'ona ili asiamke, watu asiowajua hata majina. Sikuwa na la kushuku pale, na nilijaribu.

Walisema koo langu linajifunga nikilala, na nikiamka ni mwili unajiokoa. Hata mkojo ule na kile kichwa cha asubuhi vilitoka huko huko. Kuna mashine ya kulalia usoni. Wameniambia tutaizungumzia tena, kwa sababu inataka umeme na umeme wetu unakuja ukipenda. Kwa sasa niache pombe, nimeze dawa za presha kila siku, nipunguze mwili, na nisilale chali. Hilo la mwisho mke wangu alilitafutia dawa ya kwetu. Alishona magunzi mawili ya mahindi mgongoni mwa shati langu la kulalia. Nikigeuka chali yananichoma, narudi ubavu. Wajukuu wananiita kobe.

Sijapona kabisa. Usiku mwingine bado nashtuka. Lakini kifungo cha shati la kanisani kimeanza kufunga, na nimelima msimu huu bila kuingia kwa jirani, ambaye nilimwomba radhi kuhusu maharage. Alisema alijua siku ile ile.

Nawe unayesoma, kama kuna mtu anakwambia unanyamaza usingizini, usimwulize anataka nini. Mtangulize kwa daktari, mwache aseme yeye.

Nimechonga fimbo nyingine, ya mzeituni mwitu, nikaizungushia kitambaa mwenyewe, kwa mkono wangu usio na ufundi. Iko upande wake wa kitanda. Nimerudi chumbani, vitunguu swaumu viko tena darini, baridi imerudi, na nyumba inanuka kama mwaka jana.

Juzi usiku nilishtuka. Nikageuka, nikamkuta ameketi, blanketi mabegani.

"Nilinyamaza?" nikauliza.

"Hapana. Mazoea tu."

Nikakumbuka yule mama wa kanga nyeusi kwenye benchi.

"Lala," nikamwambia. "Nataka kukwambia kitu. Yule dume mweusi yuko kijiji cha Daudi, kwa seremala wa karibu na kanisa."

Akajilaza, akavuta blanketi.

"Jike mwenye baka jeupe yuko Dongobesh, kwa yule rafiki yangu mfupi. Ana ndama, naye ni wetu. Wa tatu yuko Hanang. Huyo nilimpa..."

Nikasikia pumzi yake imebadilika, ndefu, ya taratibu. Alikuwa amelala. Nikasogeza sikio karibu na mdomo wake, nikasikiliza mpaka nikaridhika, halafu nikaendelea kumtajia waliobaki, kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.